Shujaa Aletaye Mvua: Mwalimu na Uhakiki wa Majarida ya Katuni

Iko desturi katika shule za msingi ambayo walimu wanafunzi huikuta waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, nao huipokea kama wanavyopokea chaki na kifutio. Mtoto akibainika kuwa na jarida la katuni chini ya dawati, jarida hutwaliwa, hukunjwa mara mbili, hutiwa katika mtoto wa meza, na somo la Kiswahili huendelea. Mwisho wa muhula jarida hilo huwa limekwisha kufungia karanga au kuwashia moto jikoni. Katika safari yake yote hiyo, kutoka dawatini hadi motoni, mwalimu hakulifungua hata mara moja.

Hoja yetu katika makala haya ni nyepesi kuisema, ngumu kuitenda. Mwalimu hana haki ya kupiga marufuku jarida asilolisoma, wala hana haki ya kupeleka darasani jarida asilolihakiki. Tunasema hasa juu ya majarida ya mashujaa wenye nguvu za ajabu na ya safari za hatari, kwa sababu hayo ndiyo yanayopendwa na watoto, na hayo ndiyo yanayodharauliwa na wakubwa. Uhakiki wa riwaya na tamthiliya tunaufundisha vyuoni. Uhakiki wa shujaa arukaye angani tumewaachia watoto wa darasa la tano, nao huufanya peke yao, nyuma ya vyoo vya shule, bila mtu wa kuwauliza swali.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Toleo moja jipya la jarida la mashujaa la Marekani, lenye kurasa zipatazo thelathini pamoja na matangazo, huuzwa huko kwa dola nne au tano, yaani kiasi cha shilingi 10,000 na zaidi. Mtoto wa Bahi, wa Chamwino au wa Kongwa hatalinunua kwa bei hiyo, na mwalimu wake pia hatalinunua. Yanayofika huku Uwanda wa Kati hufika yamechakaa: katika mafungu ya vitabu vya mitumba, mkononi mwa kaka aliyerudi likizo kutoka Dar es Salaam, au siku hizi katika picha zinazorushwa kutoka simu moja hadi nyingine. Aidha, hufika vipandevipande. Hadithi moja hugawanywa katika matoleo matano au sita, na mtoto wetu hulipata la tatu, asilione la kwanza wala la nne. Ukurasa wa kwanza humkuta shujaa amekwisha kufungwa minyororo, na ukurasa wa mwisho humwacha akianguka kutoka darini.

Mwalimu wa kawaida huiona hapo kasoro. Sisi tunaona zoezi la ufahamu ambalo limekwisha kuandaliwa, na bila gharama. Ni nani aliyemfunga? Kwa nini huyu wa pembeni anatabasamu? Ataokokaje? Vitabu vyetu vya kiada huhangaika sana kumfanya mtoto abashiri kilichotangulia na kitakachofuata. Jarida lililopoteza majalada yake hulifanya jambo hilo lenyewe.

Wapo wenzetu wanaodai kwamba katuni humlemaza msomaji, kwamba mtoto huziangalia picha na kuyaruka maneno. Katika sehemu moja ya dai hilo wanasema kweli. Mtoto wa darasa la nne aliyeshika jarida la Kiingereza huyaruka maneno kwa kuwa hayajui, na hakuna ajabu katika hilo. Lakini wanapoendelea kusema kwamba kuangalia picha si kusoma, hapo tunaachana nao. Katika kisanduku cha kwanza mkono umeinuliwa juu ya mtungi. Katika cha pili vigae vimetapakaa sakafuni na mwanamke amegeuza uso. Pigo lenyewe halikuchorwa. Limepita katika ule mstari mweupe ulio kati ya visanduku viwili, na ni mtoto aliyelipiga kwa akili yake. Msomaji wa katuni huijaza nafasi hiyo mara tano au sita katika kila ukurasa. Huko ndiko kufasiri habari, na mwalimu wa lugha hulipwa ili aufundishe ustadi huo.

Na sisi wa Uwanda wa Kati tusizungumze kana kwamba hadithi za picha zililetwa na meli. Katika miteremko ya Kondoa, kule Kolo na jirani zake, yapo mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro, na mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mary Leakey aliinakili michoro mingi mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Mojawapo ya michoro mashuhuri ya Kolo huonyesha watu warefu, wembamba, rangi nyekundu, mmoja akiwa katikati na wengine wamemshika mikono huku na huku. Leakey aliona pale mtu anayetekwa na wengine wakijaribu kumwokoa. Wataalamu waliomfuata wakaona ngoma ya uganga, mtu aliyepandwa na nguvu na wenzake wakimtegemeza. Hakuna kiputo cha maneno kinachoamua. Mwalimu mwanafunzi atakayesimama mbele ya mwamba ule kwa nusu saa, akaandika fasiri zote mbili na kutaja ni mstari gani wa mchoro unaoitetea kila moja, atakuwa amejifunza kuhakiki jarida la katuni kuliko tutakavyoweza kumfundisha kwa mhadhara.

Sasa tuchukue mfano mmoja na kuuhakiki kwa kirefu, maana mifano mingi iliyoguswaguswa haimfundishi mtu kazi.

Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ya Marekani ilitoa toleo maalumu liitwalo Giant-Size X-Men, namba moja, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. X-Men ni kundi la watu waliozaliwa na vipaji visivyo vya kawaida, wanaokusanywa na Profesa Charles Xavier katika shule yake. Miongoni mwa wapya walioingia katika toleo hilo ni mwanamke Mwafrika, Ororo, ambaye jina lake la kishujaa ni Storm, yaani Tufani. Yeye huamuru upepo, radi na mvua. Tunamkuta mara ya kwanza nchini Kenya. Kuna ukame, wenyeji wamekuja kumsihi kama mungu wao, naye anainuka, anayakusanya mawingu, na mvua inanyesha. Kisha Profesa anafika, anamwambia kwamba yeye si mungu, kwamba ana kipaji na ana wajibu kwa dunia nzima, naye anafuatana naye kwenda Marekani. Katika toleo la 102, la mwaka 1976, mwandishi Chris Claremont alitueleza asili yake: baba Mmarekani mpiga picha, mama wa ukoo wa kifalme wa Kenya, wazazi wote wawili waliouawa Cairo ndege ilipoiangukia nyumba yao, mtoto aliyebaki amefukiwa na kifusi, akalelewa na wezi wa mjini, kisha akatembea kwenda kusini hadi Serengeti.

Mhakiki huanza na sifa, kama zipo, na hapa zipo. Mwaka 1975 mwanamke mweusi kusimama mstari wa mbele katika jarida la aina hiyo halikuwa jambo dogo. Cockrum alimchora akiwa na heshima; mabega yake yamenyooka, macho yake hayaombi. Zaidi ya hayo, ana udhaifu unaoeleweka. Kwa kuwa alifukiwa utotoni, anaogopa mahali penye nafasi finyu, na shujaa awezaye kuigeuza hali ya hewa hutetemeka akifungiwa chumbani. Mtoto yeyote anaufahamu woga wa namna hiyo, na kwa njia hiyo huingia katika hadithi.

Kasoro nazo zipo. Wenyeji wanaomsihi hawana majina wala kazi. Kazi yao ni kupiga magoti. Haitajwi ni Kenya ya wapi, ya mwambao au ya bara, ya wafugaji au ya wakulima. Na ile Serengeti, ambayo katika hadithi inachanganyika na Kenya bila mpaka, kwa sehemu kubwa iko katika nchi yetu, jambo ambalo mtoto wa darasa la tano mwenye ramani ukutani anaweza kulisahihisha kwa kidole chake. Hatusemi hivyo kwa kujisifu. Tunasema kwamba kumsahihisha mwandishi wa New York ni furaha kubwa kwa mtoto wa Mvumi, na mwalimu asimnyime furaha hiyo.

Lakini swali zito zaidi ni jingine, na ni swali ambalo msomaji wa Dodoma ana haki ya kuliuliza kuliko msomaji wa Chicago. Ororo alipokwisha kuondoka kwenda Marekani, ni nani aliyewaletea mvua wale watu?

Jarida halisemi. Kisanduku kinachofuata kiko nchi nyingine, na wale wenyeji hawatokei tena. Kwa mwandishi, ukame ulikuwa pazia la kumwingizia shujaa jukwaani. Shujaa akishaingia, pazia halina kazi. Kwa mtoto wa Ugogo ukame si pazia. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla yake ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, nayo ikikatika mwezi wa pili, mtama na uwele hukaukia shambani mbele ya macho yake. Zaidi ya hayo, babu zake walikuwa na fikra zilizokamilika kuhusu dhamana ya mvua. Mtemi wa Kigogo alibeba wajibu wa mvua na rutuba ya nchi yake, na mawe ya mvua yaliyorithiwa katika ukoo yalikuwa alama ya wajibu huo. Mwalimu halazimiki kuyaamini mawe hayo ili aone tofauti. Mtemi hakuondoka. Mvua isiponyesha, watu walijua mlango wa kugonga. Ororo alinyesha mvua moja akaondoka, na hadithi ikamshangilia.

Hilo ndilo tunaloliita uhakiki wenye manufaa kwa mtoto. Hatumwambii kwamba shujaa wake ni mbaya. Tunamwuliza jambo ambalo mwandishi hakulifikiria, na tunamwachia alijibu. Watoto wengine watasema angalirudi kila mwaka. Wengine watasema angaliwafundisha wenzake. Wengine, na hasa wale wanaochota maji mbali, watauliza mvua ile moja ilihifadhiwa wapi, na kama kulikuwa na lambo. Somo la Kiswahili litakuwa limeingia katika Sayansi na Maarifa ya Jamii bila mtu kupiga kengele.

Inafaa kuongeza kwamba Ororo wa leo hayuko tena mikononi mwa Wamarekani peke yao. Mfululizo mpya wenye jina lake ulianza Oktoba 2024, ukiandikwa na Murewa Ayodele wa Nigeria na kuchorwa na Lucas Werneck. Unaanza na ajali ya nyuklia huko Oklahoma City, na shujaa anakabiliwa na uamuzi mgumu: je, aseme ukweli kuhusu chanzo cha ajali, hali ukweli huo utawachochea watu wawachukie wenye vipaji kama yeye? Kwa maoni yetu huo ni mwanzo bora kuliko radi mia. Nguvu zake zote hazimsaidii kujibu swali hilo, na darasa la sita linaweza kulijadili kipindi kizima. Michoro ya Werneck ni mizuri mno, pengine mizuri kupita kiasi. Kuna nyuso ambazo hata majivu hayathubutu kuzichafua.

Black Panther tumtaje kwa ufupi, kwa kuwa filamu ya mwaka 2018 imekwisha kumtembeza kila mahali penye televisheni. Aliumbwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, mfalme wa nchi ya kubuni, Wakanda, yenye madini ya ajabu na maabara za ajabu. Faida yake kwa mwalimu ni kwamba nguvu za mfalme huyu hutegemea pia kusoma; yeye ni mwanasayansi. Hasara ni kwamba nchi nzima hutegemea madini ya aina moja, na sisi tunaojua habari za nchi zinazotegemea zao moja au madini ya aina moja tuna la kuuliza. Tena mwalimu wa sarufi asilipite jina lenyewe bila kulichokonoa. Kwa masikio ya Kiswahili, Wakanda ni watu, na nchi yao ingekuwa Ukanda. Watoto hucheka sana wakigundua hivyo, na ngeli ya U hawaisahau tena.

Sasa jarida ambalo kila mwalimu mwanafunzi angepaswa kuliona kabla hajahitimu, ingawa hatupendekezi liingie darasani mwa watoto wadogo: hadithi ya Tintin nchini Kongo, ya mchoraji Mbelgiji Hergé, iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la watoto mwaka 1930 na 1931. Hergé alikuwa hajafika Kongo. Wakongo wa kalamu yake wana midomo iliyovimba na akili za watoto wachanga, na mwaka 2007 Mkongo aishiye Ubelgiji alifungua shauri mahakamani huko kutaka kitabu hicho kizuiwe. Mahakama ikalikataa shauri hilo mwaka 2012. Lakini kinachotuhusu sisi ni tukio moja tu. Tintin anashika nafasi ya mwalimu katika shule ya misheni. Anasimama mbele ya ubao na kuwaambia watoto wa Kongo kwamba siku ile atawafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Hergé alipokichora upya kitabu kwa rangi, mwaka 1946, aliliondoa somo lile, akaweka mahali pake somo la hesabu, mbili kujumlisha mbili.

Tungependa kila mwanachuo aziweke picha hizo mbili sambamba na kuzitazama. Mwalimu ni yule yule, ubao ni ule ule, watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni maneno machache ndani ya kiputo. Je, ukoloni umeondoka katika picha ya pili? Tazama mahali pa mwalimu na mahali pa watoto; tazama nani amechorwa kama mtu na nani kama kikaragosi. Mwalimu aliyejizoeza kutazama hivyo ataweza pia kulitazama darasa lake mwenyewe.

Tukirudi kwenye hazina yetu, ni kosa kudhani kwamba shujaa mwenye nguvu za ajabu ni mgeni kwetu. Superman alitokea mwaka 1938. Miaka 25 kabla yake, mwaka 1913, Muhammad Kijumwa wa Lamu alikwisha kuandika utenzi wa Fumo Liyongo, na masimulizi yenyewe ni ya kale zaidi: jitu lisilodhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni, na siri hiyo ikatolewa na mwanawe mwenyewe. Superman ana jiwe lake la kijani, Liyongo ana kitovu chake. Tofauti ni kwamba Liyongo alikufa, na watu wa mji wake wakabaki wakililia kosa lao. Majarida ya Marekani hayapendi kuua shujaa. Wakimwua Januari, atafufuka kabla ya Krismasi, kwa kuwa biashara haifi.

Katuni za Kiswahili, kwa upande wake, zilichagua njia ya Sungura na Abunuwasi kuliko ya Liyongo. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo la Kenya, kisha wale wa jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ya Mbajo: Ndumilakuwili, Lodi Lofa na wenzao, waliochorwa na Philip Ndunguru. Hawa hawaruki angani. Ni walaghai, wavivu, washamba mjini, na msomaji huwacheka huku akijipapasa. Baadaye yakaja majarida ya mitaani yenye majini, wachawi na safari za kuzimu. Na mwaka 2010 likazuka Kenya jarida la Shujaaz, lililogawiwa bure, ambalo baadaye liliingia na Tanzania. Shujaa wake Boyie hana nguvu za ajabu, ila anarusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani mwake. Tunaipenda fikra hiyo. Lugha yake ya Sheng ni mtihani kwa mwalimu wa Dodoma, na hatuoni haja ya kujifanya kwamba si mtihani. Baadhi ya kurasa za Sani nazo zilikusudiwa watu wazima waliotoka kazini, na mwalimu asizipeleke darasa la tatu kwa kisingizio cha uzalendo.

Kuna jambo moja la lugha ambalo tungelitilia mkazo kuliko yote. Majarida ya mashujaa yamejaa milio iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na wachoraji wetu wengi huiacha katika Kiingereza hata wanapoandika Kiswahili. Ni umaskini wa kujitakia. Lugha yetu ina tanakali zinazotosha kujaza jarida zima: mtu huanguka pu, mti huvunjika kacha, jiwe hutumbukia chubwi, gunia hutua tifu mavumbini, na baada ya vita vyote kijiji hunyamaza jii. Hata mambo yasiyo na sauti yana tanakali zake. Usiku ni giza totoro, na mgonjwa hulala fofofo. Mpe mtoto ukurasa wa mapigano uliofutwa milio yote, umwambie aiandike upya. Atabishana na jirani yake kama ngumi ile ni pu au ni paa, na wakati wote huo anachagua maneno.

Tunajua kinachosemwa dhidi yetu. Darasa lina watoto themanini na jarida ni moja. Mtihani uko mlangoni. Mkaguzi ataona nini? Hoja ya kwanza ina jibu lake ubaoni. Mwalimu anayeweza kuchora vijiti na duara anaweza kunakili ukurasa mmoja wenye visanduku sita, akaacha viputo vitupu, na watoto themanini wakavijaza katika madaftari yao. Anaweza pia kukifunika kisanduku kimoja kwa karatasi na kuuliza kilicho chini. Juu ya mtihani tunasema hivi: tangu mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili limeelekezwa kwa mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na ni vema. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma atasoma nini alasiri, nyumbani ambako hakuna kitabu? Kama karatasi pekee aliyoitafuta kwa hiari yake ni ile tuliyoifungia katika mtoto wa meza, basi kuna jambo tumelizuia ambalo mtihani hautalirudisha. Mkaguzi aonyeshwe andalio la somo lenye malengo yaliyo wazi, na akitaka aonyeshwe jarida.

Hoja ya fujo na ngumi ni nzito zaidi, nasi hatuidharau. Katika matoleo mengi kila mgogoro huishia kwa kipigo, na anayepiga kwa nguvu zaidi ndiye mwenye haki. Mwalimu akimwacha mtoto na matoleo kama hayo mfululizo, atakuwa anamfundisha siasa ya nchi asiyoitaka. Ndiyo sababu tunasisitiza uhakiki. Katika kila toleo ahesabu visanduku vya kupigana na visanduku vya watu kuzungumza. Atazame wasichana wanafanya nini. Amtafute mtu asiye na nguvu yoyote ambaye amefanya jambo la maana. Jarida lisilo na hata mmoja wa namna hiyo, tungelirudisha kwa mwenyewe, na tungemwambia sababu.

Mwisho, wanachuo wachore. Manila moja ikikatwa inatoa kurasa nane. Kuanzia mwaka 1917 hadi 1920 Ugogo ulipigwa na njaa iitwayo Mtunya, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na mvua nayo kukosekana. Watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Masimulizi yake yamepita kutoka bibi hadi mjukuu, na mtoto anaweza kuanza kwa kuuliza nyumbani. Tunapendekeza kila kundi la wanachuo wanaokwenda mazoezini lichore hadithi moja ya miaka ile pamoja na watoto: msichana aliyeficha mbegu za uwele katika kibuyu, tuseme, au mpagazi aliyerudi akaukuta mji wake mtupu. Watoto watataka shujaa awe na nguvu za ajabu. Wakubalieni, lakini moja tu, na nguvu hiyo isiwe ya kuleta mvua. Kisanduku cha mwisho kiachwe bila maneno, madaftari yabadilishwe, na kundi jingine ndilo liyaandike.